Pua ya Kitonga na Shimo la Isinya

Jumatatu, 20 Machi 2006

Mimi ni Kitonga, miaka sitini na tisa. Nimepita njaa ya sitini na moja, ile mahindi ilishushwa na ndege, na ile ya themanini na nne watu walikufa na pesa mkononi. Nimepita mvua ya Elnino. Nimezika ndugu wanne. Hapa kazini nimemaliza malori matatu na mameneja watano. Malori yalioza, mameneja wakahama, mimi niko.

Mwalimu Nzula wa ngumbaru, darasa la sisi watu wazima pale kanisani, amesema anayejua kusoma bila kuandika ni kama mtu mwenye jembe lisilo mpini. Kwa hivyo nimenunua daftari hii. Kazini nimewaambia wote najua kuandika. Wanacheka. Wanakumbuka mwaka wa tisini na nne niliandikwa kazi kwa kidole gumba.

Mvua imeanza jana. Watu wa shamba wanasubiri mvua wapande. Sisi watu wa lori ya kunyonya vyoo, mvua ndiyo mavuno yetu. Maji yanaingia mashimoni, mashimo yanapanda, na Kitengela yote inatupigia simu.

Jumatano, 22 Machi

Niandike kazi yetu ilivyo, kwa sababu wengi wanaiongea na hawaijui.

Lori iko na tanki na paipu nene. Paipu inaingia shimoni, mashine inavuta. Lakini watu wanatupa kila kitu chooni: magunia, nguo, viatu. Paipu ikiziba, mtu anashuka na ndoano kuizibua. Huyo kwa kawaida ni Muteti. Anafungwa kamba kifuani na akiwa chini anaimba. Hiyo ni sheria yangu mwenyewe, nilitoka nayo kuchimba visima Ukambani. Mtu wa chini aimbe. Ukisikia kimya, vuta.

Na nani anasema wakati wa kushuka? Pua yangu. Tukifungua kifuniko nachuchumaa hapo mdomoni nanusa. Ikinuka mayai viza, hakuna kushuka. Nangoja. Harufu ikiisha nasema, shuka. Miaka kumi na miwili, hakuna aliyekufa. Kajiado yote hakuna pua kama hii. Meneja alisema atanunua kifaa cha kupima hewa, nikamwambia asiharibu mali ya baba yake.

Alhamisi, 23 Machi

Tumeletewa mtu mpya, Kuntai, Mmaasai wa huko Bisil. Si kijana, ako na watoto watatu. Ukame wa mwaka jana ulimaliza ng'ombe wake wote, mpaka leo mifupa iko kando ya barabara ya Namanga. Anashika paipu kwa vidole viwili kama anashika nyoka. Nilimsalimu kwa Kimaasai, "Sopa." Akasema, "Ipa," halafu akanyamaza mpaka jioni. Huyu hatamaliza mwezi.

Jumatatu, 27 Machi

Gambuti za Muteti zimepasuka zote mbili. Nimemwambia Roy, meneja wetu, mwana wa Musila mwenye kampuni. Roy hakuleta gambuti. Ameleta katoni ya maziwa ya pakiti. Kila mtu wa shimo anywe pakiti moja kabla ya kushuka, maziwa inaosha mapafu. Hiyo ni kweli, hata wapaka rangi wanajua.

Kuntai akaangalia pakiti yake akasema, "Mimi nimekunywa maziwa tangu nizaliwe. Hata ng'ombe yenye ilitoa hayo maziwa ilikufa."

Muteti alicheka mpaka akakaa chini. Muteti ni shemasi, hanywi pombe, hata soda anaangalia kwanza. Akimaliza maziwa anakunja pakiti anaweka mfukoni. Hatupi taka. Mtu wa kuzoa taka, na hatupi taka.

Alhamisi, 30 Machi

Nimegombana na mke wangu Kaluki. Maharagwe yameungua jikoni, nami nilikuwa nimekaa hapo hapo karibu na jiko nikitengeneza redio. Akaingia mbio kutoka nje. "Kitonga, hukusikia hii harufu?" Nikamwambia kazi ya sufuria si yangu. Akasema haiwezekani mtu mwenye pua asisikie. Nikamwambia asiguse pua yangu.

Jumamosi, 1 Aprili

Mvua. Lori ilikwama Noonkopir saa nne nzima.

Jumatatu, 3 Aprili

Nimemwomba Roy kamba ya pili. Tuko na moja tu, ya kumfunga mtu na ya kuvutia lori kwa matope, hiyo hiyo. Akasema, "Mzee Kitonga, kwani unafunga watu na lori siku moja?" Nikasema msimu huu ndiyo. Akasema ataona.

Alhamisi, 6 Aprili

Shimo la nyumba za kupanga, Kitengela. Muteti alikuwa na homa. Nikanusa, nikamwambia Kuntai ashuke. Akakataa.

"Siingii."

"Nimenusa mimi."

"Basi ingia na hiyo pua."

Nikamwambia mbele ya watu wote kwamba sikujua Mmaasai anaweza kuwinda simba halafu akaogopa choo. Watu walicheka. Yeye hakukasirika. Alisema, "Simba unamwona, mzee." Muteti akashuka na homa yake.

Nimeandika kwa daftari: Kuntai ni mwoga. Nimepiga mstari chini yake.

Jumatatu, 10 Aprili

Mvua. Gambuti bado.

Jumanne, 11 Aprili

Naandika polepole, kwa sababu sitaki mtu aseme baadaye kwamba nilisahau.

Tulienda Isinya, shamba la maua, nyumba za wafanyakazi. Shimo lilikuwa limefurika mpaka mlangoni. Udongo mweusi umekuwa uji. Lori ilianza kuteleza kurudi nyuma kwa lango, tukaifunga kwa nguzo na kamba yetu, ile moja. Mashine ikavuta nusu saa, ikaziba. Magunia ya mbolea, najua mlio wake.

Nikachuchumaa. Ilinuka vibaya, mayai viza, mpaka machozi. Nikangoja. Baada ya muda nikanusa tena, hakuna kitu. Hewa safi kama ya asubuhi. Nikasema, "Imeisha. Shuka."

Kuntai alikuwa anatoka kwa lori, hatua kumi hivi kutoka shimoni. Akasema, "Mzee, mimi bado nasikia."

Nikamjibu, "Wewe unasikia harufu ya ng'ombe zako."

Nilisema hivyo. Mtu aliyezika mali yake yote, nilimwambia hivyo.

Muteti akauliza, "Na kamba?" Nikasema, "Kamba iko kazini. Ni dakika mbili tu." Akanitazama. Mimi ndiye mkubwa, na Muteti hakuzoea kubishana na mkubwa. Akanywa maziwa yake, akakunja pakiti, akaweka mfukoni. Akashika ngazi ya chuma akashuka akiimba ule wimbo wao wa kanisani wa Kikamba.

Hakumaliza mstari wa pili.

Alianguka kama gunia. Hakulia. Nikaita, kimya. Nikaweka mguu kwa ngazi, na mtu akanishika ovaroli kwa mgongo akanitupa matopeni. Kuntai. Nikamtukana, nikainuka tena, akanisukuma tena na kunikalia juu ya kifua. "Ukiingia, nitavuta wawili," alisema. "Ukiniahidi kukaa, naenda kuleta kamba." Nikaahidi. Mimi Kitonga nikiwa nimelala matopeni nimekaliwa, nikaahidi.

Akakimbia akakata kamba kwa kisu chake. Lori ikateleza ikaangusha lango la shamba, hakuna aliyeiangalia. Akafunga kitanzi, kile wanachofungia ng'ombe aliyetumbukia kisimani huko kwao. Akalala kwa tumbo kando ya mdomo wa shimo, akafunga pumzi, akarusha. Mara ya kwanza ikakosa. Akarudi nyuma kupumua. Mara ya pili ikakosa. Mara ya tatu ilishika mkono na bega. Tulivuta tukiwa watu sita, sisi na wafanyakazi wa shamba.

Muteti alikuwa anapumua kidogo. Maziwa yalimtoka kinywani, meupe vile vile, hayajaosha kitu.

Tulimpeleka hospitali na gari ya shamba.

Jumatano, 12 Aprili

Hajaamka.

Jumamosi, 15 Aprili

Muteti amekufa asubuhi. Miaka arobaini na mmoja. Mkewe Munyiva alikuwa amemshika miguu.

Jumapili, 16 Aprili

Pasaka. Nje ya kanisa nilisikia wanawake wakisema kwamba shemasi Muteti alikuwa amelewa. Nikawauliza wametoa wapi hayo. Wametoa kwa dereva wetu wa lori, dereva ametoa kwa Roy. Roy anasema watu wa shimo wote hunywa ndipo waweze kuingia.

Wengine wanakunywa, sitadanganya. Mimi nilikunywa mpaka mwaka wa themanini na nane. Lakini Muteti?

Jumatatu, 17 Aprili

Sikula. Kaluki hakuniuliza.

Jumatano, 19 Aprili

Leo Roy aliniita ofisini. Akanipa kiti, kitu ambacho hajawahi. Alikuwa na karatasi imepigwa chapa. Akanisomea kwa sauti ya upole: kwamba marehemu alifika kazini akiwa amelewa, kwamba mimi kama mkubwa wa kikundi nilimkataza kushuka, kwamba alikataa kufungwa kamba, akashuka kwa ukaidi wake.

"Ni mambo ya ofisi tu, mzee," akasema. "Leba, wale wa ofisi ya kazi ya serikali Kajiado, watakuja. Ukikubali hii, wewe uko safi. Hata nafikiria kukufanya supavaisa. Koti jeupe. Hutashika paipu tena."

Nikakaa nikifikiri. Sitaki kudanganya daftari hii: nilifikiri. Karatasi ilikuwa inasema kwamba pua ya Kitonga haikukosea. Ilisema nilikataza. Nilitamani sana kuwa yule mtu wa kwenye karatasi.

Roy akafungua kibweta cha wino akanisogezea nitie kidole. Nikasema, "Nipe kalamu."

Akacheka kidogo. "Unataka kuweka sahihi, mzee?"

"Nipe kalamu."

Nikaandika chini ya chapa yake. Ilichukua muda, kwa sababu herufi zangu ni kubwa na nazipanda moja moja kama mahindi. Yeye akazungumza na simu, akidhani naandika jina. Alipomaliza simu nilikuwa nimefika mstari wa nne. Niliandika hivi: HII NI UONGO. MUTETI ALIKUNYWA MAZIWA TU. KAMBA ILIKUWA KWA LORI. MIMI KITONGA NDIYE NILIMWAMBIA SHUKA.

Aliisoma mara mbili. Uso wake ulibadilika kama maziwa yaliyotiwa ndimu.

"Mzee, unajua umejichongea mwenyewe?"

"Najua kusoma nilichoandika."

Akataka kuipasua. Nikamwambia pasua, hiyo nimeshaijua kwa kichwa, nitaiandika tena, na karatasi ziko nyingi Kitengela. Akaifungia kwenye droo.

Jumamosi, 22 Aprili

Tumemzika Muteti kwao Kathonzweni. Mahindi huko yamefika magotini. Mhubiri alizungukazunguka kama mtu anayeruka dimbwi, hakumwita shemasi hata mara moja.

Baada ya udongo nilimwendea Munyiva. Nilitaka asikie kwangu kwanza.

"Ni mimi nilimwambia ashuke."

"Bila kamba?"

"Bila kamba."

Alikuwa ameshika ile pakiti ya maziwa iliyokunjwa, walimpa na nguo zake hospitali. Akasema, "Mimi sina la kukuambia leo, mzee. Lakini usiniambie mimi peke yangu. Nenda ukaseme kule kwenye wanaandika."

Jumatatu, 24 Aprili

Leba wameleta barua. Jumatano kila mtu anayejua jambo aende Kajiado. Dereva amesema anaumwa na mgongo.

Nimesoma daftari hii tangu mwanzo. Kuna ukurasa wa tarehe ishirini na mbili Machi. Pua yangu, Kajiado yote hakuna. Kuna ule wa kuzuia Roy asinunue kifaa. Nilishika hizo karatasi kwa vidole. Zinapasuka vizuri, hata mshono hautaonekana.

Kaluki alikuwa anachambua mchele. Akasema bila kuinua kichwa, "Ukitoa meno ya mbele, mdomo wote unajulikana."

Nimeziacha.

Jumatano, 26 Aprili

Kajiado. Nilienda na Kuntai. Njiani nilimwomba msamaha kwa ile ya ng'ombe. Akasema, "Walikuwa arobaini na watatu, mzee. Kila mmoja alikuwa na jina." Akanitajia majina, wote, mpaka tukafika. Nafikiri huo ndio ulikuwa msamaha, sikuuliza.

Nilidhani afisa atakuwa mwanamume mwenye kitambi. Ni mama, anaitwa Priscilla, miwani, buti zenye matope. Alikuwa ameshafika Isinya akaangalia shimo mwenyewe. Roy alikuwa hapo na karatasi mpya, safi, isiyo na mwandiko wangu.

Priscilla akaniuliza kama hayo ndiyo maneno yangu. Roy akasema haraka, "Mzee hajui kusoma, madam. Nilimsomea."

Nikaweka daftari mezani. Nikasema, "Nisomee hiyo, nami nikusomee hii, tuone ni nani hajui."

Nikasoma. Nilisoma kwa kidole, neno kwa neno, kuanzia Machi. Gambuti. Maziwa. Kamba ya pili, "ataona". Mahali pa kujisifu nilitaka kuruka, nikasoma. Mahali pa Kuntai mwoga nikasoma pia, naye amekaa pembeni yangu. Nilipofika tarehe kumi na moja sauti ilikataa. Kuntai akachukua daftari, lakini yeye hajui kusoma, akaishika tu mbele yangu mpaka nikaweza.

Priscilla alifungua kurasa nyuma. "Na haya maharagwe ni ya nini?"

"Hayo ni mambo ya nyumbani."

"Hapana," akasema. "Mzee, ile gesi inaua pua kwanza, halafu inaua mtu. Ukikaa nayo kidogo, harufu inapotea, na gesi iko pale pale. Kuntai alisikia kwa sababu alikuwa ametoka mbali. Wewe ulikuwa umeinama juu yake. Na wewe miaka kumi na miwili ya mashimo, hata moshi wa jikoni husikii tena."

Nikauliza, "Kwa hivyo zile siku zote nilisema imeisha?"

"Zile siku zote ilikuwa bahati."

Hiyo ndiyo hesabu ya Kitonga. Miaka kumi na miwili ya bahati, na nikaiita pua.

Akamgeukia Roy, akamwuliza ile karatasi ya kwanza iko wapi. Roy akasema hakuna ya kwanza. Nikasema iko kwenye droo ya kushoto, chini ya ufunguo wa lori. Priscilla akasema basi watapita huko wote pamoja. Roy alikunywa maji.

Jumatatu, 1 Mei

Sikukuu ya Wafanyakazi. Tulipumzika. Mmoja wetu amepumzika kabisa.

Jumatano, 3 Mei

Karatasi ilipatikana kwenye droo. Leba wameandika: pombe haikuwapo, vifaa havikuwapo. Wameandika pia jina langu, kwamba nilitoa amri bila kupima. Nimesoma mwenyewe. Imeandikwa vizuri, sina la kupinga. Nakala moja nilimpelekea mhubiri mkononi. Nikasimama hapo mpaka amalize kuisoma.

Leba wameamuru hakuna mtu kushuka tena mpaka kuwe na kipimo, feni, mshipi wa kifuani na kamba mbili.

Ijumaa, 5 Mei

Roy amenifuta kazi.

Jumamosi, 6 Mei

Nimekuja kazini. Nimechukua rangi nyekundu ya kuzuia kutu nikaandika kwenye tanki, upande wa barabara, herufi kubwa kama ndama: HAKUNA MTU KUSHUKA. Roy ameipaka kijivu mchana. Kuntai alikuwa ameshika ngazi yangu.

Jumatatu, 8 Mei

Nimeandika tena.

Jumanne, 9 Mei

Kijivu. Nimeandika tena. Rangi yake inaisha kabla ya yangu, na kijivu chake ni chembamba, maneno yanaonekana kwa chini kama mtu chini ya shuka.

Jumamosi, 13 Mei

Simu ilitoka Isinya, shimo lile lile. Roy akamwambia mtu mpya ashuke, dakika mbili tu, akampa pakiti ya maziwa. Nilikuwa nimepanda lori nao mpaka huko, ingawa nimefutwa. Nikakaa juu ya kifuniko. Nina kilo themanini na moja.

"Mzee, toka hapo."

"Njoo unitoe."

Kuntai akaja akakaa karibu nami. Halafu mtu mpya naye akaweka maziwa chini akakaa. Halafu wanawake wawili wa shamba, wenye vyoo vyao vimefurika, wakaleta ndoo wakakaa juu yake. Tulinyeshewa hapo mpaka saa nane. Roy akaondoka bila kuaga.

Jumatano, 17 Mei

Mshipi umefika, na kamba mbili, na kile kidude cha kupima hewa, kidogo kama redio. Roy alivitupa chini mbele yetu. Vyote vizima, feni tu ndiyo bado.

Leo tulikiteremsha shimoni kwa kamba. Nilichuchumaa mbali nikanusa, kwa mazoea. Sikusikia kitu. Hewa safi kama ya asubuhi. Kidude kikalia mpaka tukaziba masikio.

Tukafunga kifuniko, tukaenda kunywa chai.

Ijumaa, 19 Mei

Mvua imekatika. Jua limewaka, udongo umeanza kupasuka. Jumapili iliyopita mhubiri alisimama akasema, "Shemasi Muteti," mara tatu, na Munyiva alikuwa mstari wa mbele. Hakuniangalia, lakini alikuwa ameniachia nafasi kwa benchi, upande wa Kaluki.

Kama kuna mtu atasema Kitonga ni mzee wa kujisifu na hii yote ni hadithi, aulize hawa. Kuntai wa Bisil, ambaye si mwoga, na yale maneno niliyoyapigia mstari nimeyakata kwa kalamu ileile. Munyiva, aliye na pakiti iliyokunjwa. Mwalimu Nzula, atakayejua mwandiko wangu popote. Priscilla wa Kajiado, aliyetoa nakala ya kila ukurasa, hata wa maharagwe. Kaluki, aliyesikia kabla ya wote. Na Roy mwana wa Musila, akipenda asipende, kwa sababu maneno yangu bado yako kwenye tanki yake.

Pua yangu peke yake ndiyo msiiulize.